Habari za Jenerali David Musuguri

Katika mazungumzo haya nimekusudia kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa si mbali sana na kwetu, akaingia jeshini akiwa askari wa chini kabisa, akatoka akiwa mkuu wa majeshi yote ya Tanzania. Jina lake ni David Musuguri. Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, akafariki Mwanza tarehe 29 Oktoba 2024, umri wake umetimia miaka 104. Mtu aondokaye hapa Zagayu asubuhi, akashika njia ya Bariadi mpaka Lamadi, kisha akaifuata barabara kuu ya kwendea Musoma kwa kupita Bunda, atafika Butiama siku ile ile jua halijatua. Basi habari hizi si za nchi ya mbali.

Wanafunzi wangu chuoni huniuliza mara nyingi: jenerali hufanya kazi gani hasa? Wengi hudhani kwamba jenerali ni mtu apigaye bunduki vizuri kupita wenzake, au mtu asiyejua hofu. Na huku vijijini vita vya Kagera husimuliwa sana kwa nyimbo na kwa majigambo ya ngoma, nazo nyimbo hizo ni tamu, lakini mtu akitaka kujua mambo yalikwendaje, na kwa nini upande huu ulishinda na ule ukashindwa, hapati jibu ndani ya wimbo. Nadhani maisha ya Musuguri yaweza kutupa jibu hilo.

Tuanze na Butiama. Katika miaka ile Butiama ilikuwa makao ya Wazanaki, kabila dogo katika wilaya ya Musoma. Miaka miwili baada ya kuzaliwa Musuguri, yaani mwaka 1922, alizaliwa hapo hapo mtoto mwingine, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, ambaye baadaye aliitwa Julius. Mtoto huyu wa mtemi alipelekwa shule ya Mwisenge mwaka 1934, akaendelea Tabora, akaenda Makerere, akaenda Edinburgh, mpaka akawa Rais. Yule mwingine alishika njia ya bunduki. Wote wawili wa kijiji kimoja, nao walikuja kukutana tena wakiwa wazee, mmoja Amiri Jeshi Mkuu, wa pili jenerali wake.

Musuguri aliingia jeshini mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi lenyewe lilikuwa King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya. Jeshi hilo liliundwa na Waingereza mwaka 1902, askari wake wakitoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika. Wakati wa vita vile vijana zaidi ya 80,000 wa Tanganyika walivaa sare, wengine kwa hiari na wengine kwa kuandikwa na machifu. Hata hapa Usukumani haikosi ukoo wenye babu aliyerudi na koti la jeshi na habari za Burma.

Musuguri yeye alipelekwa Madagaska. Yafaa nieleze kwa nini, maana kisiwa hicho hakikuwa cha Wajerumani. Kilikuwa cha Wafaransa, na Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani mwaka 1940, ikawa na serikali katika mji wa Vichy iliyopatana na washindi. Waingereza waliogopa kwamba Wajapani wangepewa bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa kisiwa, wakaweka humo nyambizi zao na kuzamisha meli zote zipitazo pwani yetu. Kwa hiyo walikishambulia mwezi wa Mei 1942, wakaleta na vikosi vya Afrika Mashariki, hata mwezi wa Novemba mwaka ule ule gavana wa Kifaransa akasalimu amri.

Vita vilipokwisha askari wengi walirudi mashambani. Musuguri alibaki. Mwaka 1947 alikuwa sajini, akafanywa mwalimu wa askari katika kambi ya Kahawa, karibu na Nairobi. Kazi ya mwalimu wa askari haina sifa nyingi. Ni kuamka kabla ya alfajiri, kuwapanga makuruta, kuwafundisha kwata, kuwafundisha kufungua bunduki vipande vipande na kuifunga tena gizani, kuwazoeza kutii neno moja watu hamsini kwa mara moja. Mimi pia ni mwalimu, nami nasema kwa hakika kwamba mtu hulijua jambo kabisa siku ile anapolifundisha kwa mtu mzito wa kufahamu.

Miongoni mwa askari aliowafundisha huko Kahawa alikuwamo kijana mmoja kutoka Uganda, mrefu, mwenye nguvu nyingi, hodari wa ngumi. Kijana huyo aliingia Keya mwaka 1946, na kazi yake ya kwanza ilikuwa msaidizi wa mpishi. Jina lake Idi Amin. Tutamkuta tena mbele.

Hapa nataka kusimama kidogo, nieleze habari ya vyeo, maana bila kuielewa mtu hataona ajabu iliyo katika maisha haya. Jeshini pana ngazi mbili zilizotengana. Ngazi ya chini ina askari wa kawaida, koplo, sajini na sajinimeja. Ngazi ya juu ina maofisa: luteni, kapteni, meja, kanali, brigedia na majenerali. Sajini huongoza kwa sauti na kwa mfano, akitimiza amri aliyopewa. Ofisa ndiye aitungaye amri. Katika Keya ngazi ya chini ilikuwa ya Waafrika, na ngazi ya juu ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aweza kuwa hodari namna gani, akatumikia miaka 15, akapata nishani kifua kizima, bado kijana wa Kiingereza wa miaka 20 aliyeshuka melini jana alikuwa mkubwa wake, naye humpigia saluti.

Mwaka 1957 Waingereza waliona kwamba hali hii haiwezi kudumu, wakaweka cheo kipya wakakiita efendi. Neno hilo ni la Kituruki, limepita kwa jeshi la Misri na Sudani. Efendi alikuwa juu ya sajinimeja, tena hakuhesabiwa sawasawa na luteni Mzungu. Ilikuwa ngazi iliyowekwa katikati ya ngazi mbili, mlango uliofunguliwa nusu. Musuguri alikuwa mmoja wa waliopata cheo hicho. Alikuwa ametumikia miaka 15. Amin naye alikipata, miaka miwili baadaye. Kwa maoni yangu cheo cha efendi kilikuja mno kwa kuchelewa, na uchelewaji huo ulizaa taabu kubwa baadaye. Maana nchi zetu zilipopata uhuru, zilikuwa na majeshi yaliyo tayari lakini hazikuwa na maofisa wa kutosha walioandaliwa. Waliopatikana walipandishwa upesi upesi. Wengine wakafaa sana, kama Musuguri. Wengine, kama yule wa Uganda, wakawa msiba kwa nchi zao.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Jeshi likabadili jina, likawa Tanganyika Rifles, lakini wakubwa wake walibaki Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara ipandishwe, walitaka maofisa Wazungu waondoke. Siku ya pili maasi yakafika kambi ya Tabora, ambako Musuguri alikuwa luteni. Serikali ilitikisika. Mwishowe Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Waingereza, jambo lililomuumiza moyo kwa kadiri alivyosema mwenyewe baadaye, nao wakashusha askari wa majini tarehe 25 Januari, maasi yakakoma kwa muda wa saa chache.

Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya. Askari wapya walitafutwa hasa katika vijana wa TANU. Lakini jeshi halianzishwi na makuruta watupu. Lazima wawepo watu wazima wajuao kazi. Askari wachache wa zamani walioaminiwa walichukuliwa, na Musuguri alikuwa mmoja wao. Tokea hapo akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka cheo cha meja jenerali. Miaka hiyo nitaipita haraka, kwa kuwa ilikuwa miaka ya kazi za kambini, na mambo makubwa yalikuwa yakimngoja mbele.

Sasa tutazame Uganda. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, aliyekuwa mkuu wa jeshi, alimpindua Rais Milton Obote, naye Obote akakimbilia Tanzania. Tangu siku hiyo urafiki wa nchi hizi mbili ulikwisha. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaiteka nchi iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba kama 1,800. Tazameni ramani, mtaona kwamba mpaka wetu na Uganda ni mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, lakini mto unapita kusini yake. Amin akatangaza kwamba mpaka wa haki ni mto, na nchi yote iliyo kaskazini yake ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Askari wake wakaua watu, wakachukua ng'ombe, magari, hata mabati ya nyumba. Raia wapata 1,500 waliuawa.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisema katika redio kwamba kazi ni moja tu, kumpiga adui, na kwamba sababu ipo, nia ipo, na uwezo upo. Wazee wa huku kwetu wangali wakiyakumbuka maneno hayo kwa sauti yake. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likakua kwa muda wa majuma machache hata likapita watu 100,000, kwa kuwaongeza wanamgambo, polisi, askari wa magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Malori ya serikali na ya watu binafsi yalichukuliwa. Vijiji vikatoa ng'ombe na nafaka. Vijana wa Usukumani waliokwisha kufundishwa mgambo waliondoka wakati wa kupanda pamba, wakaacha majembe kwa wake zao.

Nyerere hapo kwanza alitaka kuikomboa Kagera tu. Jambo hilo lilitimia kwa kujenga daraja la vyuma juu ya mto na kuvusha askari. Mwanzoni mwa Januari 1979 adui alikuwa amekwisha kutoka. Lakini juu ya kilima cha mpaka pana mji mdogo uitwao Mutukula, nao mizinga ya Uganda iliyowekwa hapo iliweza kutupa makombora Kagera. Kwa hiyo Mutukula ukatwaliwa tarehe 21 Januari, na nyumba zake zikasawazishwa. Baadaye ikaamriwa kwamba jeshi liendelee mbele, liiteke miji ya Masaka na Mbarara. Ndipo Meja Jenerali Musuguri alipopewa Divisheni ya 20, jeshi lote la vita ndani ya Uganda. Askari wake wakampa jina la utani, wakamwita Jenerali Mutukula. Mwaka ule alikuwa na miaka 59, umri ambao watu wengi hufikiri juu ya kustaafu.

Divisheni ni nini? Wachukue askari 30, ni platuni. Platuni tatu au nne ni kombania. Kombania kadhaa ni bataliani. Bataliani kadhaa ni brigedi, na brigedi kadhaa ndizo divisheni. Brigedi zake Musuguri zilikuwa na wakuu wake: ile ya 201 chini ya Brigedia Imran Kombe, ya 206 chini ya Brigedia Silas Mayunga, ambaye askari walimwita Mti Mkavu, ya 207 chini ya Brigedia John Walden, na ya 208 chini ya Brigedia Mwita Marwa.

Haya, wanafunzi, tufanye hesabu. Tuseme askari ni 10,000 tu, na kila mmoja apewe nusu kilo ya unga kwa siku. Hiyo ni kilo 5,000, yaani magunia 50 ya kilo mia mia, kila siku ya Mungu, juma moja magunia 350. Bado maharage, bado maji, bado petroli ya malori yaletayo unga huo, bado risasi na makombora, ambayo ni mazito kuliko unga, bado majeruhi wa kurudishwa nyuma. Na barabara ni moja, nayo ni mwezi wa mvua. Jenerali asiyefikiri juu ya magunia hayo atakuwa na mashujaa wenye njaa. Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake, wala hakuna wimbo uliotungwa juu yake.

Masaka ulitwaliwa tarehe 24 Februari, na Mbarara siku ya pili yake. Hapa panatokea jambo ambalo sitalificha. Majumba makubwa ya miji hiyo miwili yalibomolewa kwa baruti, kulipiza maovu yaliyofanywa Kagera. Askari waliokuwa wameona maiti za ndugu zao walikuwa na uchungu, na uchungu huo waufahamu. Lakini wenye nyumba na maduka ya Masaka sio waliovuka Kagera. Wengi wao walikuwa wakimchukia Amin kuliko sisi, tena walitupokea kwa furaha. Inasemwa kwamba Nyerere alichukizwa na habari hiyo, akaamuru miji mingine isifanyiwe hivyo. Mimi naona kwamba ni doa katika habari njema, na doa halifutiki kwa kulinyamazia.

Sasa tufike Lukaya, ambapo mambo yote yalikuwa karibu kuharibika.

Lukaya ni mji mdogo katika barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, yapata kilomita 100 kabla ya Kampala. Mbele yake pana bwawa kubwa la mafunjo, na barabara hupita bwawani juu ya tuta. Kifaru hakiwezi kupita bwawani. Kikitoka barabarani kitazama. Kwa hiyo jeshi litakalovuka lazima lipite katika uzi ule mmoja wa barabara, na adui akilivunja daraja, mambo yamekwama. Musuguri aliliona jambo hilo mapema. Akaamuru Brigedi ya 201 iende moja kwa moja kwa barabara, na Brigedi ya 208 izunguke upande wa magharibi, mbali, pembeni mwa bwawa, ili kama njia ya barabara ikizibwa, pawepo njia ya pili.

Wakati huo huo Muammar Gaddafi wa Libya alikuwa amemletea Amin msaada wa askari wapata 1,000, pamoja na vifaru, magari ya deraya na mitambo ya kutupa makombora mengi kwa mara moja, ambayo Waganda waliita Saba Saba. Walibya na Waganda wa Amin walipanga kuirudisha Masaka. Hivyo majeshi mawili yalikuwa yakiendeana katika barabara moja, wala moja halikujua vema habari za mwenziwe. Tarehe 10 Machi 1979 yakakutana Lukaya.

Katika Brigedi ya 201 walikuwamo wanamgambo wengi ambao hawajapata kuona vita. Makombora ya Saba Saba yakaanza kuanguka. Mengi yalipita juu wala hayakuua watu wengi, lakini ngurumo yake ilikuwa ya kutisha, tena vifaru vya Walibya vikaonekana vikija kwa tuta. Safu ikavunjika, watu wakakimbilia nyuma na wengine bwawani. Lukaya ukaingia mikononi mwa adui. Lau Walibya wangeendelea kusukuma jioni ile, huenda wangefika Masaka. Hawakuendelea. Walisimama.

Fikirini sasa nafsi ya jenerali usiku ule. Brigedi yake ya mbele imetawanyika. Redio za mawasiliano ni chache, hajui nani yuko wapi. Kuna mambo mawili: kuirudisha 208 nyuma ije kuikinga Masaka, au kuiamuru iende mbele zaidi. La kwanza ndilo ambalo mtu mwenye hofu angelifanya. Musuguri alifanya la pili. Brigedi ya 208 ilikuwa kilomita kama 60 kaskazini magharibi. Akaiamuru igeuke, itembee usiku, itokee katika barabara ya Kampala nyuma ya adui. Na ile ya 201 ikakusanywa gizani, makundi kwa makundi, ikapangwa upya ipate kupiga kutoka mbele.

Mfugaji yeyote wa Zagayu atalielewa jambo hili upesi kuliko mimi nilivyolielewa katika vitabu. Ng'ombe wakitimka kwa hofu, ukiwafuata kwa nyuma wazidi kuwakimbiza. Mtoto mwerevu hukata porini kwa kona, akajitokeza mbele yao, nao husimama kwa kuwa njia waliyoitegemea imeshikwa. Jeshi nalo lina njia yake lililoitegemea: ni ile barabara ya nyuma iletayo risasi na chakula, na ya kukimbilia mambo yakiharibika. Likisikia mizinga katika barabara hiyo, moyo hulegea hata kama lina vifaru vingi.

Alfajiri ya tarehe 11 Machi Brigedi ya 208 ilifika barabarani. Mizinga ikalia pande mbili kwa mara moja. Walibya hawakujua mahali pale, tena wengi hawakuwa askari wa kazi. Wakavunjika. Siku hiyo hiyo aliuawa Luteni Kanali Godwin Sule, ofisa hodari wa Amin aliyeongoza shambulio, na Waganda walipopotewa naye hawakupata tena mtu wa kuwapanga. Watanzania walipohesabu maiti walikuta Walibya zaidi ya 200, na Waganda wapata idadi hiyo. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikupigana tena vita vikubwa vya kusimama uso kwa uso.

Katika majuma hayo Gaddafi alituma ndege moja kubwa ya mabomu kuja Mwanza, tarehe 29 Machi, ipate kuchoma matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha. Makombora yaliangukia hifadhi ya wanyama karibu na mji, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja. Watu wa Mwanza wangali wakiicheka habari hiyo mpaka leo, ingawa matangi yale yangelipata moto wasingecheka.

Entebbe ulitwaliwa tarehe 7 Aprili. Kisha Kampala ukazungukwa, ila barabara ya mashariki iendayo Jinja iliachwa wazi kwa makusudi. Wengine watashangaa: kwa nini kumwachia adui mlango? Kwa sababu adui asiye na mlango hupigana mpaka mtu wa mwisho, na mji huharibika pamoja na watu wake. Tena Nyerere hakutaka kuwaua Walibya waliobaki na kuzidisha uadui na nchi nyingine ya Afrika. Walibya wakautumia mlango huo, wakaenda zao. Tarehe 10 Aprili askari wetu wakaingia Kampala, na tarehe 11 ikatangazwa redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha. Mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbia. Alikwenda Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003. Askari wetu wakaendelea kaskazini, na mnamo tarehe 3 Juni 1979 wakafika mpaka wa Sudani.

Watu hupenda kusema kwamba mwalimu alimshinda mwanafunzi wake. Neno hilo ni zuri, nami silikatai, lakini si lote. Amin alijifunza kwata ile ile na bunduki zile zile. Tofauti ilikuwa katika majeshi yenyewe. Jeshi la Amin lilikuwa limeua maofisa wake bora kwa ugomvi wa kikabila na wivu, waliobaki wakawa matajiri wa mali za Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, na mtu mwenye mali ya kupoteza hana haraka ya kufa. Brigedi ya 201 ilipokimbia Lukaya usiku, asubuhi ilirudi. Ya Amin ilipokimbia, haikurudi.

Gharama nayo isemwe. Askari wa Tanzania waliokufa walihesabiwa kuwa 373, wengi kwa ajali na maradhi kupita risasi. Wengi wao wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, katika makaburi ya mashujaa ambayo kila mpita njia aweza kuyazuru. Fedha zilizotumika zilikuwa kama dola milioni 500. Nyerere aliwaomba watu wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, mkanda haukulegezwa. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka duka la kijiji lisilo na sabuni, lisilo na chumvi, lisilo na khanga, na mkulima mwenye fedha za pamba mkononi akirudi nyumbani bila kitu. Sababu nyingine zilikuwapo pia, kama bei ya mafuta na makosa ya serikali yenyewe, lakini vita ilikuwa sehemu kubwa.

Mwaka 1980 Musuguri akafanywa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi mahali pa Abdallah Twalipo. Alikishika cheo hicho miaka minane, na katika miaka hiyo, mwaka 1987, Tanzania ilipeleka askari Msumbiji kuisaidia serikali ya huko dhidi ya waasi wa Renamo. Mwaka 1988 akastaafu, na Ernest Mwita Kiaro akachukua nafasi yake.

Alirudi Butiama. Alikuwa ametumikia miaka 46 chini ya bendera mbili, ya Mwingereza na yetu. Akaishi huko miaka 36 mingine, akamwona Mwalimu Nyerere akizikwa pale kijijini mwezi wa Oktoba 1999, akaona vijana waliozaliwa baada ya Lukaya wakiwa makanali. Alipokufa mwezi wa Oktoba 2024 jeshi lilimchukua kwa heshima zote za kijeshi, likamzika Butiama.